Mume wangu Tanga anagawa pesa, Houston hatoi hata senti ya tipu

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, sasa tunaishi Houston, Texas. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu, mimi nasafisha vyumba hotelini. Kwa ujumla tunashukuru Mungu. Ila nina jambo ambalo watu wakilisikia watacheka, na ndani ya nyumba yangu limeshafika pabaya.

Mume wangu hatoi tipu. Hatoi kabisa. Tukienda kula, analipa kilichoandikwa kwenye bili, na pale pa kujaza tipu anachora mstari mrefu. Anasema yeye hakuajiri mtu pale, mwenye mgahawa ndiye amlipe mfanyakazi wake. "Mimi nikifikisha mzigo Oklahoma, nani ananipa tipu?" Siku hizi ameongeza na hili: kwamba serikali imeshawasamehe wahudumu kodi ya tipu, kwa hiyo wa kuhurumiwa ni yeye anayekatwa kodi, si wao.

Utadhani ni bahili. Anti, wallahi si bahili. Tulipokwenda nyumbani mara ya mwisho aligawa pesa mpaka mama yake akamkanya. Kijana aliyetuelekeza pa kupaki gari, elfu kumi. Muuza madafu, "chenji baki nayo." Kinyozi, mbeba mizigo wa stendi, hadi mlinzi wa nyumba ya jirani. Kila jioni barazani wamejaa vijana wanamwita bosi, naye anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana.

Mwezi uliopita ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mwanetu mkubwa, tukaenda mgahawa wa Kimeksiko. Chakula kilikuwa dola 84, kodi juu yake. Binti aliyetuhudumia alikuwa mchangamfu, akaita na wenzake wakamwimbia mtoto. Baba akalipa, akachora mstari wake. Nikasubiri watangulie nje, nikaweka dola 15 chini ya glasi. Nimekuwa nikifanya hivyo muda mrefu, kwa vile vidola ninavyoachiwa na wageni wa hoteli. Bahati mbaya siku hiyo alisahau simu mezani. Akarudi, akaikuta ile pesa. Hakuigusa, wala hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani na watoto wakalala. Ndipo akaniambia: "Kumbe nikilipa mimi, wewe unakuja nyuma yangu kuniombea radhi." Tangu hapo ananijibu kwa mkato, na ametangaza kwamba familia hii haitoki tena kwenda kula.

Kuna kitu sijamwambia. Siku ileile, kabla hatujakaa vizuri, nilisikia wahudumu wawili wakisukumiana meza yetu. Kiingereza changu kinatosha kuelewa walichosema: watu kama sisi hawaachi kitu. Iliniuma.

Lingine, sisi kina mama wa Kiswahili tunakutana kila mwezi kula pamoja, tunachanga. Kila mmoja anatoa bei ya sahani yake kama ilivyo kwenye menyu. Mwisho hela ya kodi haipo, ya tipu haipo, na wa kuziba pengo ni mimi au mwenzangu mmoja.

Nisaidie. Kati yangu na mume wangu nani ana makosa? Niendelee kuacha pesa kwa siri? Na ule mgahawa nikirudi, uso wangu nitauweka wapi?

Mama wa Watatu, Houston

*

Marahaba, mwanangu.

Nami nimekaa Marekani, naijua ile dakika bili inapowekwa katikati ya meza na kila mtu anakumbuka kuangalia simu yake.

Nianze na mumeo, maana ana hoja, tena nzito kuliko anavyoijua. Kwamba tajiri amlipe mfanyakazi wake mwenyewe, hilo hata Wamarekani walishalisema. Mwaka 1909 jimbo la Washington lilipiga tipu marufuku kwa sheria, majimbo mengine sita yakafuata, na hadi kufika 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa. Desturi yenyewe ililetwa na matajiri waliokuwa wakitembea Ulaya, lakini iliota mizizi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1865, watumwa walipoachwa huru na kuanza kutafuta kazi. Waajiri wengi waliwachukua, wakawaachia wateja mzigo wa kuwalipa. Kampuni ya Pullman, iliyokuwa na mabehewa ya kulala kwenye treni, iliajiri maelfu ya wanaume weusi kutandika vitanda na kubeba mizigo ya abiria kwa mshahara mdogo, kingine wakitegemee mikononi mwa abiria. Mwaka 1925 wakaunda chama chao wakiongozwa na A. Philip Randolph, na kampuni ilikuja kutia saini mkataba nao 1937. Miaka 12 ya kuvutana. Kwa hiyo mumeo akisema mtindo huu una harufu mbaya, usimbishie. Unayo.

Sasa tazama namna alivyoamua kuupinga.

Texas inafuata sheria ya shirikisho. Mhudumu anayepokea tipu, mwajiri anaruhusiwa kumlipa dola 2.13 kwa saa. Kiwango hicho kiliwekwa 1991 na hakijasogea. Huenda yule binti aliyemwimbia mwanao hakuwa amezaliwa. Kima cha chini cha watu wengine ni dola 7.25, nacho kimelala palepale tangu 2009. Sheria inamtaka mwajiri ajazie ikiwa tipu hazikumfikisha mhudumu kwenye hiyo 7.25, na kwenye karatasi inapendeza. Lakini niambie, ni mhudumu gani atakwenda kwa meneja kila wiki kudai kujaziwa, halafu ategemee kupangiwa zamu ya Ijumaa usiku?

Halafu kuna jambo ambalo nadhani mumeo hana habari nalo. Katika migahawa mingi mhudumu hatembei na tipu zake zote. Anamkatia mtu wa baa, anamkatia anayeondoa vyombo, na mara nyingi hesabu hiyo inapigwa kwa mauzo ya meza zake, si kwa alichoachiwa. Meza ya dola 84 ikiondoka bila kuacha kitu, sehemu ya wenzake inadaiwa vilevile. Yaani binti anaweza kutoa mfukoni mwake kwa sababu ninyi mlikula kwake. Na mwenye mgahawa, ambaye ndiye mumeo anamgomea? Amepata 84 zake kamili. Hajui hata kama kuna mtu amegoma.

Yako majimbo saba, kama California, Washington na Minnesota, ambako mwajiri lazima alipe kima cha chini chote kabla ya kuhesabu tipu. Mngekuwa huko hoja yake ingekuwa na miguu zaidi, ingawa huko nako watu hutoa. Mko Texas. Asiyetaka kumlipa mhudumu wa Texas anayo njia safi kabisa: anunue chakula akale nyumbani. Kukaa mezani, kujaziwa maji mara nne, kuimbiwa mtoto, kisha kusema huduma si juu yangu, hapo mgomo unakuwa umegeuka kitu kingine ambacho sitakitaja kwa sababu ni mumeo.

Hilo la kodi ni nusu ya kweli. Sheria ya 2025 inamruhusu mhudumu kuondoa hadi dola 25,000 za tipu kwenye hesabu ya kodi ya mapato ya shirikisho, kwa miaka ya 2025 hadi 2028. Makato ya Social Security na Medicare, yaani ya pensheni na matibabu ya uzeeni, hayakuguswa. Na msamaha wa kodi ya tipu utamfaa nini mtu aliyechorewa mstari?

"Nani ananipa tipu nikifikisha mzigo Oklahoma?" Hapa ndipo pa kumshika, mwanangu, kwa upole. Muulize analipwaje. Madereva wengi wa masafa marefu hulipwa kwa maili. Akifika ghalani saa mbili asubuhi, wakamweka mpaka saa saba mchana ndipo washushe, zile saa analipwa nini? Wako wasiolipwa kitu, na wako wanaoanza kuhesabiwa baada ya saa mbili za kwanza, tena kidogo. Naamini umeshamsikia akigomba kwenye simu na dispacha, yule anayewapangia madereva safari, kwa jambo hilihili. Basi mhudumu aliyesimama kati ya meza tupu saa tisa alasiri ni lori lililozimwa getini likingoja zamu. Familia iliyokaa naye jioni nzima ikaondoka bila kuacha kitu ni ghala lililomshikilia dereva kutwa, kisha likakataa kulipa muda wake. Mumeo anaijua dhuluma hiyo kwa mgongo wake. Ila haya yatoke mdomoni mwako, kwa lugha yenu. Ukimwekea barua yangu mbele yake, utakuwa umeleta mtu wa tatu chumbani.

Nije Tanga, maana nadhani jibu la kweli liko kule.

Kijana wa maegesho alipewa elfu kumi. Ibadilishe: haifiki dola tano. Kwa kama dola nne hivi mumeo aliitwa bosi, akashukuriwa kwa mikono miwili, akaombewa dua, na barazani wakaja wengine. Houston anaombwa dola 14, na akizitoa hakuna wa kumwita bosi. Binti atasema ahsante uwe na usiku mwema, kama anavyomwambia kila mtu. Nyumbani anatoa akipenda, kwa anayempenda, kiasi anachopenda. Huku amewekewa mstari kwenye karatasi na mtu amesimama pembeni. Wanaume wengi waliozoea kutoa kwa moyo wanachukia kutoa kwa kuelekezwa. Wanahisi wanaporwa ule ukarimu wao. Nawaelewa, lakini yule binti hakuhitaji ukarimu. Alikuwa anadai ujira. Kama mumeo ni mtu wa msikitini, anaijua hadithi ya kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hiyo haisemi lolote kuhusu kujisikia kutoa. Amtoe mhudumu kwenye fungu la sadaka na zawadi, amweke kwenye fungu la kodi ya nyumba na mafuta ya gari. Pale hatutegemei mtu atushukuru.

(Na mkienda tena likizo, msihamishie asilimia 20 Tanga. Kule bili ni bili, ya soda ni ya soda. Nimeona wenzetu wa ughaibuni wakiacha noti kwenye kila kikombe cha chai, halafu binamu wa mtaani akiingia mgahawani hakuna anayemwangalia.)

Sasa wewe.

Dola 15 zile zilikuwa sawa. Kodi ya mauzo Houston ni asilimia 8.25, kwenye 84 inakuwa dola 6.93, na ukiizidisha mara mbili unapata 13.86. Njia hiyo inakupeleka kwenye asilimia 16 na nusu bila kalamu. Wako watakaokuambia siku hizi ni 20. Mimi nasema mtu aliyetoa kati ya 15 na 20 anyanyuke mezani na amani yake. Huduma ikiwa mbaya, punguza na useme kwa meneja. Ukiacha sifuri, mhudumu hajui kama umekasirika, umesahau, au ndivyo ulivyo.

Nilicheka kidogo kwa zile pesa za hoteli. Yaani wageni wanakuachia wewe tipu, nawe unazitumia kulipa tipu za mumeo, naye hajui kama hiyo njia ipo. Siku moja mwambie hilo bila ukali, maana naamini mboga fulani imeshaingia jikoni kwake kwa fedha hizohizo na hakuikataa.

Lakini kuhusu siri, sikuungi mkono. Yule bwana hakuumia kwa sababu ya dola 15. Aliumia kugundua kwamba kwa muda wote huo mkewe alikuwa akimfuata nyuma kurekebisha alichokifanya mbele za watu. Sentensi aliyokuambia, "unakuja nyuma yangu kuniombea radhi," ni sentensi ya mtu aliyeona aibu, na mwanamume mwenye aibu hutangaza sheria. Ndiyo hiyo ya kutokwenda kula tena. Usiijibu hiyo sheria. Jibu ile aibu.

Mngoje amerudi safari, amelala vya kutosha, ameshakula, watoto hawapo. Usianze na "wewe." Anza na lako: "Baba fulani, nilikosea kukuficha. Ningekuambia kabla hatujatoka nyumbani." Nyamaza hapo, mwache aseme. Akishatoa ya moyoni ndipo uingize habari ya 2.13, na ile ya ghalani. Usiitaje Tanga siku hiyo. Ukiitaja itasikika kama unamsuta kwa wema wake, na ni wema kweli.

Kisha mpelekee mpango, kwa sababu mabishano ya pesa hayaishi kwa maneno matupu. Mkitoka, fungu la kula liwe limeshabeba vyote. Mkipanga kutumia dola 100, basi chakula na vinywaji visizidi 80: kodi itakuwa 6.60, tipu mara mbili yake 13.20, jumla 99.80. Watoto waagize ndani ya 80. Akilipa yeye, alipe yote kwa mkono wake na kalamu yake, wewe usiguse glasi wala sahani. Akikataa kabisa, mkubaliane waziwazi kwamba bili ni yake na tipu ni yako, uitoe mbele yake, mkiwa mmekaa. Inaweza isimfurahishe. Lakini hakuna atakayerudi kuchukua simu akakutana na siri.

Umsaidie pia kujua pale ambapo hadaiwi, maana mtu anayeona anaombwa kila kona huishia kukataa kote. Kile kioo kinachogeuzwa kwenye duka la kahawa, chenye 18, 20 na 25 tayari, na kazi yote iliyofanyika ni kukupa mkate ulioufuata mwenyewe: abonyeze hapana, moyo mweupe. Wengi wa wale wanalipwa mshahara wa saa wa kawaida. Chakula anachochukua mwenyewe mlangoni, vilevile. Anayeletewa nyumbani ampe mletaji chochote, dola tatu hadi tano, zaidi mvua ikinyesha. Msusi na kinyozi, ndiyo. Uber, akipenda, hata wao waliongeza nafasi ya tipu kwenye programu yao Juni 2017 tu, na Houston ilikuwa miongoni mwa miji mitatu ya mwanzo. Mambo ya kusafisha vyumba vya hoteli unayajua kuliko mimi.

Kina mama wa mchango. Hapa sina huruma. Tangazeni kabla ya kuagiza: kila mtu anachanga bei ya sahani yake na robo yake. Sahani ya 16 unatoa 20. Robo hiyo inafunika kodi na tipu kwa pamoja, na akiona ni nyingi aagize sahani ya 12. Halafu anayekusanya asome bili kabla ya kulipa: kwa meza ya watu wengi, mara nyingi kuanzia sita au wanane, migahawa huongeza tipu yenyewe na kuiandika "gratuity." Mkiikuta hapo, msitoe mara ya pili. Na wewe na mwenzako mwache kuziba pengo kimyakimya. Likitokea, rudisheni bili katikati ya meza, muulize kwa sauti ya kawaida nani bado.

Kuhusu wahudumu waliosukumiana meza yenu: ni ufedhuli, na huenda wanautenda kwa kila mtu mweusi anayeingia mlango ule, hata aliyeacha asilimia 25 wiki iliyopita. Usimbebeshe mumeo hilo kama hoja. Akilisikia, atasema kwa nini nimlipe anayenidharau, na mimi hapo nitamwelewa kabisa. Tena mtu halipi ujira ili kusafisha jina la Waafrika mbele ya vijana wawili wa mgahawani. Unamlipa binti yule kwa sababu yeye ndiye aliyeleta chakula. Likitokea tena mkalisikia kwa masikio yenu, mwite meneja, umwambie ulichosikia na ubadilishiwe mhudumu. Hiyo ni haki yako kabla hata hujafungua menyu.

Na uso wako hauna pa kufichwa. Binti alipokuja kufuta meza alikuta dola 15. Yeye hajui kama ziliachwa na mume au na mke. Nendeni tena mkipatana, na mkipangiwa meza yake, kaeni.

Anti